Viatu vya Mpeleka Barua

Viatu vina kumbukumbu kuliko watu. Asiyeamini hajawahi kukaa kibandani na mzee mmoja aliyekuwa fundi viatu. Watu wote walimwita Fundi, na sifa yake kubwa ilikuwa kulegeza viatu vinavyobana. Ukinunua kiatu kikakung'ata kisigino, unamwachia. Anakivaa yeye, anakizungusha mitaani, anakitia adabu, na ukija kukichukua kimetulia kama paka aliyeshiba. Aliwahi kulegeza buti za askari mmoja mkali, na tangu siku hiyo kila anapozivaa zinampeleka kwanza kumwamkia mama yake. Ndivyo Fundi alivyosimulia, na hakuna aliyemdai ushahidi.

Tabu ilikuwa viatu vyake mwenyewe. Vile vya kahawia vilijua njia moja tu: kutoka kibandani, kushoto kwa kinyozi, mpaka baa. Na kurudi? Kurudi alirudishwa.

Binti yake wa pekee akaja kibandani, akakaa juu ya kreti.

"Baba, harusi imekaribia. Nataka unishike mkono uniingize ukumbini. Lakini uje na akili zako. Ukija umelewa, nitaingia na baba mdogo."

"Baba mdogo anatembea kama bata!"

"Bata asiyeanguka, baba."

Fundi akagonga msumari usiokuwa na kosa. Binti akamweleza kwamba nyuma ya maktaba kuna chumba, na kila Alhamisi jioni hukutana humo watu walioshindwa na pombe, wanashikana mikono kuiacha. "Nenda tu ukakae. Hawali mtu."

Alhamisi ikafika, Fundi akatoka na nia safi kabisa. Kufika kwa kinyozi akapiga chafya, na alipofumbua macho alikuwa baa, glasi mkononi. Alhamisi ya pili hata chafya haikuhitajika.

Ya tatu, alikuwa ametia soli mpya viatu vyeusi vya mpeleka barua, jamaa mrefu kama mlingoti. Kama ilivyokuwa desturi yake, akavivaa asikilize kama soli zinalia. Hazikulia. Viatu vikaondoka naye.

Jua lilikuwa linafifia taratibu, kama mtu anayepunguza utambi wa taa. Barabara ikawa laini chini ya miguu, kama godoro. Kwa kinyozi, shingo ya Fundi ikageuka kushoto. Viatu vikakata kulia. Muziki wa baa ukamfuata nyuma, ukawa redio ya jirani, ukawa mbu, ukaisha. Vikampitisha uchochoro asioujua, vikipunguza mwendo kidogo kwenye kila geti, na mbwa wakamtazama kama mtu wa nyumbani, wasibweke. Fundi akahisi kwamba yeye ndiye barua. Ila hakujua anapelekwa kwa nani.

Vikasimama mbele ya mlango ulio wazi. Ndani, viti vya plastiki vimepangwa duara, birika la chai linatoa mvuke, na dirisha limejaa rangi ya buluu ya jioni.

"Ingia, ndugu yangu, mbu nao wanaingia," akasema mama muuza mayai, aliyekuwa akiongoza kikao.

Mpeleka barua alikuwa amekaa na kandambili. Akatazama chini. "We Fundi! Si viatu vyangu hivyo?"

"Ni vyako. Vimenileta."

"Vingekupeleka wapi? Alhamisi havijui pengine."

Wakacheka wote, kicheko kisichomuumiza mtu.

Zamu yake ya kusema ilipofika, Fundi alikuwa na hadithi ndefu tayari, yenye chatu ndani yake. Akafungua mdomo, chatu akagoma kutoka.

"Pombe imenishinda," akasema. "Binti yangu anaolewa. Nataka nimwingize mimi."

Hakuna aliyempa nasaha. Mama muuza mayai akammiminia chai.

Kikao kilipoisha, Fundi hakuinuka. "Leo nimeletwa. Kesho je? Vyangu ni vya baa."

"Si wewe hulegeza vya watu kwa kuvivaa?" akasema mpeleka barua. "Lete vyako, nitavizungusha na barua."

"Na vikikupeleka baa wewe?"

Mpeleka barua akakuna kidevu. Hata yeye alikuwa na siku zake za baa.

"Basi tutavivaa kwa zamu," mama muuza mayai akakata shauri, "na anayevivaa hatembei peke yake."

Ikawa hivyo. Viatu vya kahawia vikapita kwa watu wa kikao, mmoja baada ya mwingine. Mama muuza mayai alivijaza magazeti puani, akauza navyo mayai mji mzima, na halikuvunjika hata moja.

Alhamisi ya mwisho kabla ya harusi, vikarudi kwa mwenyewe. Fundi akavifunga kamba, akatoka. Binti akamfuata kwa nyuma, kimyakimya, lakini mlio wa visigino vyake Fundi angeutambua hata usingizini.

Kwa kinyozi viatu vikasimama. Cha kushoto kikaelekeza pua kushoto. Muziki wa baa ukaja, mtamu, ukamshika begani.

"Baba?" binti akaita.

"Ngoja kidogo. Vinafikiri."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshafikiri."

Akainua mguu wa kulia, akakanyaga upande wa kulia. Wa kushoto ukamfuata, ukinung'unika kwenye soli.

Binti akaja mbio, akapitisha mkono wake kwapani mwa baba yake.

"Polepole, baba. Ukumbini hatutakimbia."

Wakaingia uchochoroni, hatua kwa hatua, na mbwa hawakubweka.