Isizidi Chumvi ya Machozi

Kwenye ghala la ngozi walimwita Mama Chumvi, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka nenda miaka rudi alitandaza ngozi mbichi sakafuni, akazimwagia chumvi ya mawe kwa koleo, akazipanga moja juu ya nyingine. Kesho yake unakuta maji yamechuruzika mpaka mtaroni na ngozi zimekakamaa.

"Chumvi ina kiu," alipenda kuwaambia wageni wa kazi. "Ikikaa mahali, maji yote yataifuata."

Vumbi la chumvi hiyo lilimjaa puani na kooni. Nyumbani walimtania kwamba akipika yeye, kila mtu alale na ndoo ya maji. Alicheka nao. Nani angefikiri kwamba ulimi wa mtu unaweza kufa kabla ya mwenyewe?

Mjukuu wake alianza kuharisha siku ambayo binti yake yuko zamu kiwandani. Mtoto wa mwaka na kitu, mnene, mtundu, ambaye bibi alimwita mume wangu na kumsema kwamba ni mume gani huyu asiyejua hata kufunga vifungo. Pakiti za dawa ya kuharisha dukani zilikuwa zimeisha, lakini Mama Chumvi hakubabaika. Kliniki walishawafundisha: maji yaliyochemshwa, sukari, chumvi kidogo, kisha onja, isizidi chumvi ya machozi.

Kijiko cha kupimia kilikuwepo kabatini. Yeye akatumia vidole, mazoea yana tabu. Akaonja: maji matupu. Akaongeza. Akaonja tena, akaongeza tena, mpaka ulimi ukapata kitu.

"Kunywa, mume wangu."

Mtoto alikunja uso, akageuza kichwa. Bibi akambembeleza. Baadaye kiu ikamshinda, akawa anakidaka kikombe mwenyewe, na kadiri alivyokunywa ndivyo alivyozidi kutaka. Bibi akafurahi, jamani, akafurahi kweli, maana mgonjwa anayekunywa anapona. Akatengeneza jagi la pili.

Binti aliporudi, mtoto alikuwa akilia kilio chembamba, na tumbo lake ukilibonyeza ni kama unga uliokandwa. Binti akachukua kikombe, akaonja, akatema.

"Mama, umeonja hiki?"

"Nimeonja. Chumvi yenyewe haisikiki."

Binti akakimwaga kikombe chini. Kisha akambeba mtoto mgongoni, wakakimbilia hospitali.

Daktari aliwaeleza taratibu. Mwili, alisema, ni vichumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kimejaa maji, na kuta zake nyembamba zinapitisha maji kirahisi kuliko chumvi. Chumvi ikizidi kwenye damu, maji yanatoka vyumbani kuifuata.

"Na ubongo ni vyumba hivyohivyo," alisema. "Vinasinyaa."

"Basi mpe maji, baba. Mpe maji tele."

"Nikimpa kwa pupa yatarudi ndani kwa mkupuo, ubongo uvimbe. Ni kidogo kidogo, bibi. Polepole."

Mama Chumvi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliuona mtaro wa ghala na maji yake yakichuruzika, na mara hii alijua yametoka wapi. Akakaa sakafuni.

Wakamtundikia mtoto chupa ya maji, tone baada ya tone. Midomo ilimpasuka. Kila alipomwona bibi yake alinyoosha mkono kutaka kikombe, na bibi, mwenye chupa nzima ya maji safi kwenye mkoba, aliambiwa asimpe hata funda moja nje ya kipimo. Hakumpa. Alitii safari hii.

Degedege lilimshika kesho yake asubuhi, likamwachia, likamshika tena. Kabla ya saa ya kuona wagonjwa, muuguzi alikuwa ameshamfunika shuka mpaka usoni.

Majirani wakaja. Mmoja akaanza, "Majuto ni..." akakumbuka ameketi kwa nani, akameza neno lililobaki.

Walipotawanyika, binti alikuja akaketi mkekani kando ya mama yake. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Mama, niambie kweli. Hukuisikia ile chumvi?"

"Sikuisikia, mwanangu."

"Hata kidogo?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka mama yake mpaka mdomoni. Akayalamba, akatulia, akatafuta kwa ulimi wote. Akatikisa kichwa. Yalikuwa kama maji ya bomba.