Ukurasa Uliolipiwa

Yvonne alipofika Matiliku na mpiga picha wake, Kathini alimkaribisha kama mwandishi wa habari, maana ndivyo alivyojitambulisha. Alikuwa msichana wa adabu. Alivua viatu mlangoni, akanywa uji, akauliza kuhusu marehemu mume wa Kathini, kisha akauliza kuhusu mahindi. Ni kweli mahindi yale hayakuwa na dumuzi wala punje iliyotobolewa. Kathini alikuwa ameyahifadhi kwenye magunia mapya ya kampuni fulani, yale yasiyopitisha hewa.

"Lakini usiandike gunia peke yake," Kathini alimwambia. "Mimi nilianika kwanza, mpaka punje ikalia nikiing'ata. Ukifunga mahindi yenye unyevu mle ndani, unafuga sumu."

Yvonne aliitikia kwa kichwa, akaandika.

Habari ikatoka gazetini, ukurasa mzima, Kathini akicheka, mkono juu ya gunia. Jumapili mchungaji aliisoma mbele ya waumini. Kathini alisikiliza akingoja yale maneno ya kuanika. Hayakuja. Alidhani mchungaji ameyaruka, na hakuuliza. Watu walikuwa wanampa mkono wakicheka, na tangu amzike mumewe alikuwa amezoea mikono ya pole tu.

Mdogo wake, Syokau, aliyeolewa na Kitheka huko Kitui, alimpigia simu. "Dada, nimekuona. Kitheka ameenda kununua magunia kama yako."

"Ni mazuri," Kathini alisema. Kule mvua ilikuwa imewakuta wakivuna. Alijua, lakini hakuwaza kuuliza kama wameanika.

Miezi ikapita. Mbithi, kitinda mimba wa Syokau, akaanza kutapika. Macho yakawa ya njano, tumbo likafura. Daktari alisema ni sumu ya kuvu, kutoka kwa mahindi. Mtoto akafa mikononi mwa mama yake, na baba yake, Kitheka, akalazwa wodi ya pili, hakuweza hata kwenda kumzika.

Kwenye matanga Syokau hakulia alipomwona dadake.

"Ulisema tufunge tu," alimwambia.

"Sikusema hivyo."

"Nilisoma mwenyewe, chini ya picha yako. 'Navuna, nafunga, nalala usingizi.' Jina lako liko hapo chini."

Kathini hakuwahi kutamka maneno hayo. Alitoka nje, akampigia Yvonne, akamweleza yote.

"Pole sana, Mama," Yvonne alisema. "Mimi niliandika ulivyosema. Lakini kampuni ndiyo ililipia ukurasa, na wao husoma kabla ya gazeti kuchapwa. Walisema hayo ya kuanika yanafanya gunia lionekane lina kazi nyingi, wakayatoa, wakaweka yao."

"Kwani haikuwa habari?"

"Juu kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa 'imedhaminiwa'."

"Uliniambia wewe ni mwandishi."

"Nilikuwa. Gazeti lilitupunguza kazi, Mama. Siku hizi naandikia kampuni."

Kathini alikata simu.

Wiki iliyofuata mwanamume kutoka kampuni hiyo alikuja na gari safi. Alisema wamehuzunika. Walitaka kupeleka unga kwa familia ya Kitui na kuandika habari nyingine, ya dada wawili wanaotiana moyo. Kathini na Syokau wangepigwa picha pamoja.

"Andika kwamba nilisema wayaanike," Kathini alimwambia.

"Hiyo wakili wetu hawezi kuipitisha, Mama."

"Basi toka kwangu."

Alitoka. Haukupita muda, gazeti likawa na mwanamke mwingine, wa Kiboko, akicheka vilevile, mkono juu ya gunia.

Siku za soko Kathini alianza kusimama mbele ya duka la pembejeo la Adow. Alimwambia kila aliyekuja kununua gunia aanike kwanza, na akamweleza kuhusu Mbithi. Adow aliona wateja wakigeuka, akaguna, lakini hakumfukuza. Syokau alikuwa hashiki simu za dadake.

Mzee mmoja kutoka Salama alimsikiliza hadi mwisho, akamkazia macho.

"Si ni wewe yule wa gazeti?"

"Ni mimi."

"Sasa niamini yupi, yule au wewe?"

"Niamini mimi."

Mzee alifikiri kidogo. "Gazeti haliwezi kuandika uongo ukurasa mzima," alisema, akaingia ndani. Alitoka na magunia mawili kwapani, akampita Kathini bila kumtazama.