Kijino kwenye Mkono wa Gudulia

Hapa mjini kwetu Rolo mafundi wa zamani hawakutia sahihi. Walipamba makabati kwa vipande vyembamba vya mbao za rangi rangi vilivyounda picha za magudulia ya Kirumi na mashada ya majani, kisha wakafa zao na kutuachia ugomvi.

Mimi Ornella niliolewa ndani ya ugomvi huo. Baba yangu, Ivo Tamagnini, ana kabati la droo tatu la miaka zaidi ya mia mbili. Baba mkwe wangu, Gaudenzio Bersani, analo jingine la umri huo huo. Kila mmoja alikuwa akiapa kuwa fundi mkuu alikuwa wa ukoo wake, na kabati la mwenzake ni la kuigiza tu. Kwenye harusi yangu walikula vyumba tofauti. Sasa mwanangu Learco alikuwa abatizwe Jumapili, na kila mmoja akaniambia, "Akija yule, mimi siji." Nilitamani niwafungie wote stoo.

Ijumaa makabati yakapelekwa ukumbi wa kanisa kwa maonyesho. Hakuna aliyewahi kuyaona pamoja. Mtaalamu kutoka Modena akayazunguka, akapiga magoti, akasema hawezi kumtaja fundi, akaenda kunywa kahawa.

"Ameogopa kukuaibisha," baba akamwambia Gaudenzio.

"Nyie? Hata kibao cha kukatia vitunguu kingewashinda!"

"Njoo basi uone mkono wa gudulia langu. Una kijino hapa, mkato mdogo uliochongoka. Hiyo ndiyo alama ya nyumba yetu!"

"Kijino? Thubutu! Kijino ni chetu sisi!"

Wakainama. Gudulia la baba ni jeupe ndani ya mbao ya kahawia. La Gaudenzio ni la kahawia ndani ya mbao nyeupe. Kijino kilikuwa pale pale kwenye yote mawili.

Baba akapitisha kidole kwenye kimoja, Gaudenzio kwenye kingine. Wazee hawa wamemaliza ujana wao kwenye kazi hii ya kupamba mbao. Fundi hupanga mbao mbili, nyeupe juu ya kahawia, akazikata kwa pamoja, kisha akabadilisha vipande: cheupe kikaziba tundu la mbao ya kahawia, cha kahawia kikaziba la mbao nyeupe. Msumeno ukiteleza, umeharibu kotekote.

"Karakana moja," baba akasema polepole.

"Walikuwa washirika, mababu zetu," Gaudenzio akajibu. "Wakagawana makabati." Akafikiri kidogo. "Ila aliyeteleza ni wa kwenu."

"Nini? Mkono wa Tamagnini uteleze? Huyo ni Bersani, tena alikuwa amelewa!"

Jumapili, kwenye karamu ya ubatizo, walikaa bega kwa bega, maana ugomvi ule haukuweza kuendeshwa kutoka vyumba viwili. Kila mmoja alimsukumia mwenzake yule fundi ambaye juzi tu walikuwa wakimgombania. Supu ikawadondokea kwenye tai za shingoni. Baba akamkunia Gaudenzio jibini kwenye sahani, bila kuacha kumtukana babu yake.

"Ongeza," Gaudenzio akasema.

Nikakimbilia jikoni, nikacheka mpaka machozi yakanitoka kwa furaha.