Kalamu ya Afande

Wendell Haugen, kijana wa miaka ishirini, alizaliwa na kope zilizolegea na macho yasiyopatana: la kulia likitazama mbele, la kushoto hushika njia yake. Alasiri moja, akiendesha gari kutoka kwenye chakula cha kanisani, alisimamishwa na polisi barabarani. Baridi ya Minnesota siku hiyo iligandisha mate kabla hayajagusa ardhi, lakini Wendell alilowa jasho. Akinyang'anywa leseni, kazi yake ya kusambaza maziwa imekwisha.

"Umekunywa nini, bwana mdogo?"

"Kahawa tu, afande. Ya kanisani."

"Na macho hayo?"

"Nimezaliwa nayo."

"Kila mlevi hunijibu hivyo. Shuka. Fuata kalamu hii kwa macho, kichwa kisicheze."

Wendell asipoinua kidevu, kope humfunika macho asione kitu. Akikiinua, ataonekana mlevi mwenye kiburi. Akaziona pingu kiunoni mwa afande. Akainua kidevu. Kalamu ikaenda kulia. Jicho moja likaifuata, la pili likabaki limemkodolea afande.

Afande akaruka nyuma. "Usinitazame mimi! Tazama kalamu!"

"Naitazama, afande," alisema Wendell. "Hilo jingine silitumi mimi."

Akapewa kifaa cha kupuliza, cha kupima pombe. Kikasoma sifuri. Afande akakitikisa, akampulizisha tena. Sifuri.

"Haya, nenda. Lakini uendeshe umefungua macho!"

"Ndiyo haya, afande," Wendell alisema, akirudi garini. "Yamefunguka mpaka mwisho."