Mjumbe Aliyelala Ukutani

Kitendawili. Nyoosha miguu kwanza, ndipo useme tega. Nyumba yangu kuta zake ni za mafuta, na ndani ya ukuta amelala mjumbe. Siku akiamka, nyumba hujibomoa yenyewe, jirani hasikii kishindo. Nini hiyo?

Usijilaumu. Mimi niliyewanyang'anya watu wa Haneti miji yote, kuanzia Chemba mpaka ng'ambo ya bahari, kitendawili hicho kilinikalisha chini. Alinitegea mjukuu wangu Anitha, mwaka ule alizeti ilipokubali.

Alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu, Dodoma mjini. Mimi nimeinamia mashine yangu ya mkono, mafuta yanachuruzika kwenye sufuria, mashudu yananukia ua mzima.

"Shikamoo, mke mwenzangu," akasema nyuma yangu.

Ndivyo tunavyoitana. Marehemu babu yake, Sila, tulimgawana tangu Anitha anatambaa. Akanikumbatia, kisha mikono yake ikalegea.

"Bibi, mbona gauni limelowa mafuta kifuani?"

"Nimemwagikiwa."

"Ukiwa umeinama, mafuta humwagikia mapajani."

Nani alimfundisha mtoto huyu kutazama? Mimi mwenyewe, kwa vitendawili.

Miezi mitatu nyuma, kituo cha afya kilinipa barua ya kwenda hospitali kubwa mjini, kwa uvimbe wa titi la kushoto usiouma hata kidogo. Barua nikaifukia kwenye debe la mbegu. Wiki hiyohiyo Anitha akapiga simu, akanisimulia anachosoma: kuna mafuta mwilini mwetu, bibi, yanaua saratani. Yeye alikuwa anajisifu kwa bibi yake. Mimi nilikuwa namsikiliza kwa titi.

Simu ilipokatika, nikatazama madumu yangu yaliyopangwa ukutani. Kama dawa ni mafuta, ni nani Haneti nzima mwenye dawa kunishinda? Asubuhi nikawa nakunywa kijiko, jioni napaka na kukanda. Uvimbe ulioanza kama punje ya karanga ukafika yai la njiwa. Nikasema mafuta yanauvuta nje.

Hayo yote nikamweleza Anitha pale pale. Nikaichimbua barua, akaisoma amesimama.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikaendelea kuzungusha mpini. Mbegu zilikuwa zimekwisha kwenye mashine.

"Nitakwenda baada ya mavuno," nikasema hatimaye.

Mavuno yalikuwa yamejaa ghalani, naye ameyaona. Akafuta macho kwa kiwiko, akaketi mkekani mbele yangu.

"Kitendawili."

"Tega."

Akatega hicho nilichokutegea wewe. Nikajaribu sega la nyuki. Nikajaribu mshumaa. Nikajaribu kichuguu, hata mwenyewe nikaona haya.

"Nipe mji, bibi."

"Chukua Buigiri."

"Siutaki."

"Chukua Dar es Salaam, na bandari yake."

"Nipe Dodoma. Na mji nikipewa na wewe siingii peke yangu. Unanipeleka, kesho, kwa basi la asubuhi."

Mtu unaweza kumkwepa daktari, ukamdanganya mchungaji. Lakini kwetu ukishindwa kitendawili unatoa mji, na mji ukishatolewa haurudishwi. Nikafunga mzigo.

Jibu alinipa tukiwa kwenye benchi la hospitali. "Nyumba hiyo ni seli, bibi, vile vijumba vidogo vilivyojenga mwili. Ukuta wake ni wa mafuta, lakini mafuta hayo hayakamuliwi wala hayapakwi. Mwili unayatengeneza wenyewe. Kuna aina moja inaitwa seramidi. Huyo ndiye mjumbe. Seli ikiharibika, yeye huamka akaiambia muda wako umekwisha, nayo ikajifia taratibu. Saratani ni mjanja, inamziba mdomo. Dawa nyingine za dripu humwamsha."

"Na mafuta yangu ya alizeti?"

"Yako ni ya maandazi."

Nilicheka mpaka muuguzi Hamida akaja kuona kama nimezidiwa.

Baadaye kicheko kilipungua. Dripu ya pili iliondoka na nywele zangu, ya tatu ikaondoka na ladha ya ugali. Kila dawa ilipoanza kudondoka, nilijiinamia kifuani nikanong'ona, "Amka, baba, kazi ipo." Anitha alikaa pembeni na daftari lake. Hakurudia tena lile swali la pale mashineni, lakini lilikaa nasi kwenye benchi kila safari, kama abiria wa tatu.

Siku ya dripu ya sita, daktari alipima akasema uvimbe umesinyaa, sasa wanaweza kuukata. Anitha alitoa kichupa mkobani, alizeti yangu mwenyewe, akamimina kidogo kiganjani akaanza kunipaka kichwa, pole pole, kama nilivyokuwa nikimpaka yeye kabla ya shule.

"Uliniuliza kwa nini sikukuambia," nikasema.

Mkono wake ukasimama utosini.

"Nilitaka urudi likizo unikute nimepona. Nikuambie, mke mwenzangu, ni masomo yako yameniponya."