Saa ya Namba Kumi na Saba

Jamidah hakuwa mtu wa kubembeleza mimea. Alikuwa na diploma ya kilimo na sheria moja ambayo majirani zake wa Bulembia, mjini Kasese, hawakuipenda: mche usiofaa hung'olewa, hata kama umeulea mwenyewe. Miaka minne iliyopita alichukua chavua ya yungi jekundu akaipaka kwenye ua la yungi la njano, akapata mbegu, akaotesha miche arobaini nyuma ya nyumba. Thelathini na tisa alikwisha kuing'oa. Mingine mashina yake yalilala kwa mvua ya kwanza, mingine majani yaliota kutu, na mmoja ulitoa maua ya rangi ya chai iliyomwagika. Ukabaki mmoja, namba kumi na saba.

Huo ulikuwa mzuri, hakukataa. Ua lake lilikuwa na rangi ya papai lililoiva, koo la kijani, na shina moja lilibeba matumba ishirini na sita. Tatizo lilikuwa asubuhi. Yungi la aina hii ni ua la siku moja: hufunguka kunapokucha, jioni limenyauka, na kesho yake tumba jingine hushika zamu. Likichelewa kuamka, limekula maisha yake yenyewe. Kipimo cha Jamidah kilikuwa saa mbili asubuhi, ua liwe wazi kabisa. Ua la namba kumi na saba lilimfikisha karibu saa tatu. Lakini kwake baridi ya mlimani hushuka moja kwa moja, na ukuta wa jirani huzuia jua. Akajiambia huenda kosa ni la mahali.

Ndipo akagawa mmea, nusu akampelekea Emérance kule Bwera.

Emérance, mama yake Mbusa, alikuwa Mkongomani wa Butembo aliyekimbia vita, akavuka kuingia Uganda, akapanga nyumba karibu na mpaka na kuuza vitenge. Walijuana kwa sababu Zubairi, mume wa Jamidah na baba wa binti yao Raihana, alibeba chumvi ya Katwe hadi mpakani, na marobota ya Emérance yalipanda lori hilohilo. Jamidah alimpa mmea pamoja na daftari. Kazi ilikuwa moja: kila siku aandike saa ambayo ua limefunguka lote.

Daftari la msimu wa kwanza lilirudi na saa mbili kasoro kumi, ukurasa baada ya ukurasa. La msimu wa pili likawa vilevile. Jamidah akaulaani ukuta wa jirani na kuanza kuamini.

Ndipo Emérance akaomba jina. Mama yake, Benedicte, alibaki Butembo, magoti yake hayawezi tena safari, na Emérance alitaka yungi liitwe kwa jina lake. Jamidah alimjibu kwamba jina hutolewa baada ya msimu wa tatu, mmea ukishapita. Emérance akasema sawa, na siku hiyohiyo akampigia mama yake kumpa habari. Mama akaipeleka kanisani.

"Umetangaza kitu ambacho hakijawa," Jamidah alimwambia.

"Itakuwa, Mama Raihana. Maua inaamuka muzuri."

Novemba ya msimu wa tatu, karatasi za lori la Zubairi zilikwama forodhani, na Jamidah aliyepanda naye akalazimika kulala kwa Emérance. Alipomaliza swala ya alfajiri alitoka na kigoda, akakaa mbele ya mmea. Saa moja, tumba limefumba. Saa mbili, ncha imepasuka kidogo tu. Saa mbili na nusu petali mbili zikajikunja nyuma, nyingine zikakataa. Saa tatu kasoro kumi ua lilikuwa wazi lote, na lilikuwa zuri kiasi cha kumtia hasira.

Emérance akatoka na kikombe cha chai. Akatazama ua, akatazama simu, akaandika. Jamidah akanyoosha shingo kusoma. Saa mbili kasoro kumi.

"Mama Mbusa, hiyo saa umeitoa wapi?"

"Kwa simu."

"Simu yako inasoma saa ya wapi?"

Emérance akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake. "Ya Butembo. Kila asubuhi niko napigia mama. Saa ya hapa nitafanya nayo nini?"

Saa ya Kongo iko nyuma ya hapa kwa saa moja, na Bwera nzima inajua kuuliza, saa ya huku au ya ng'ambo? Asiyeuliza hungoja sokoni saa nzima akitafuna karanga peke yake. Jamidah, mtu wa Kasese, hakuwahi kuuliza. Daftari halikudanganya hata mstari mmoja. Yeye ndiye aliyelisoma kwa saa isiyo yake.

Angeweza kunyamaza. Akasema.

"Limeshindwa. Kosa la saa ni langu, si lako. Lakini siwezi kuwagawia watu ua linalochelewa. Mtu anatoka kwenda kazini halijafunguka, anarudi limekufa. Amepanda nini?"

Emérance alichuma ua la jana lililonyauka, akalikunja kiganjani.

"Mama iko Butembo," akasema. "Kule haiyafika hata saa mbili. Kwa mama, haichelewe."

"Ua liko Uganda."

"Na mimi niko Uganda."

Jamidah akainuka kigodani. Akachukua daftari na kuandika chini ya ukurasa: limekataliwa, lisisambazwe. Kisha akamwambia Emérance kwamba nusu iliyobaki Bulembia ataing'oa na kuileta Bwera wiki ijayo. Aipande, ua aliite atakavyo, ila mtu akiomba chipukizi aambiwe ukweli kwanza.

"Nitabaambia," Emérance akasema, akiwa tayari anabonyeza simu. Aliongea Kinande, lugha ya kwao, kwa muda, akacheka, kisha akamsogezea Jamidah simu sikioni. Sauti ya mwanamke mzee iliuliza kwa Kiswahili kama ua lake limepita.

Jamidah alilitazama. Lilikuwa limeelekea jua.

"Limefunguka, mama," akasema. "Saa mbili kasoro kumi. Saa yenu."

Akarudisha simu na kwenda kumwuliza Zubairi habari za forodha.