Sanduku Chini ya Kiti cha Nyuma

Neno lilianzia bombani kwetu Kiwalani, kwamba huko Pugu kuna pikapu imewaka moto barabarani na watu wakiwa ndani, kisa mwenyewe alitengeneza sanduku chini ya kiti akaweka humo dumu la petroli. Aliyeiona kwa macho yake hakuwepo. Aliyenisimulia mie alisimuliwa na wifi yake, na wifi naye aliipata kwenye simu. Lakini lilinikaa rohoni. Nikipika naliwaza, nikitoka kuswali naliwaza, kwa sababu siku hizohizo mwanangu Twalib alikuwa uani anakata plaiwudi ya sanduku kama hilohilo.

Mie shule yangu ni darasa la saba, sijui kupamba maneno. Najat, mke wa Twalib, hayupo tena. Naandika ili mjue aliondokaje, na nyie wenye watoto wenye magari mpate la kuwaambia.

Twalib ni fundi wa pampu za maji. Kazi zake nyingi zilikuwa Mikocheni, kwenye nyumba zenye visima. Ana pikapu kuukuu ya milango minne, na vifaa vyake vilikuwa vinakaa nyuma, chini ya turubai. Sasa kwenye foleni vijana wanadandia, wanachana turubai, wanashuka na mali ya watu. Walimwibia drili, akanyamaza. Walipoiba pampu ya mteja alirudi nyumbani hali chakula. Akasema basi, kuanzia sasa vifaa vitakaa ndani ya gari, chini ya kiti cha nyuma.

Najat ndiye aliyemsaidia. Alichukua boksi la televisheni, wakalikata na kulijaribishia mle ndani mpaka wakapata umbo, kisha ndiyo wakahamishia kwenye plaiwudi. Akamwambia mumewe kwamba siku akimkosea atahamia humo na godoro lake. Twalib akasema labda aanze kupunguza chapati, maana kwa nyonga zile hapiti. Walicheka mpaka na mie nikacheka, na roho yangu ikiwa juu vilevile.

Kiti chenyewe kilikuwa kimefungwa kwenye sakafu ya gari kwa boliti. Kwa mpango huo kila akitaka kifaa ingebidi ashike spana kwanza. Kwa hiyo alizitoa boliti zote, akakikalisha kiti juu ya sanduku, na upande wa mbele akatia bawaba za mlango wa kabati, ili kiti kifunguke kama kifuniko cha kasha. Mikanda ya nyuma ilikuwa inamkwaza. Akaisukumia chini, akatandika zulia juu yake. Likapendeza kweli, kila aliyepita uani alisifia.

Mie nilichouliza ni moto tu.

"Mwanangu, humo hutaweka petroli?"

"Siweki, mama."

"Wala mtungi wa gesi?"

"Mama, hili ni sanduku la spana, siyo kituo cha mafuta."

Najat aliuona uso wangu, akaniambia atakuwa anakagua mwenyewe. Na alikagua. Kila asubuhi kabla mumewe hajatoka alikuwa anafunua kiti, anaingiza pua, ananusa, halafu ananiambia kwa sauti kutoka kule nje kwamba hamna kitu, ninywe chai yangu. Kiti kimeshikwa na nini, hilo halikutajwa nyumbani kwetu hata siku moja.

Ikafika arobaini ya shangazi yake Twalib, huko Pugu. Tulitoka asubuhi na masufuria yetu. Najat gari huwa linamchefua, hivyo nilimwambia akae mbele apate upepo. Akakataa.

"Mama, mie nikae mbele na wewe ukae nyuma na masufuria? Huko tunakokwenda watanionaje?"

Ndivyo tulivyozoea, mkwe hakai mbele mama mkwe akiwepo. Nikapanda mbele, nikafunga mkanda kwa kuogopa trafiki. Yeye akapanda nyuma na sufuria la pilau mapajani. Chini yake kulikuwa na spana, mabomba, na pampu ya chuma ambayo Twalib alitakiwa kuifunga kesho yake.

Kwenye mteremko bajaji ilikatiza mbele yetu ghafla. Twalib akakanyaga breki. Hatukugonga. Watu nikiwaambia hivyo hawaniamini, lakini gari letu halikugusa kitu, wala kioo hakikupasuka. Kiti cha nyuma ndicho kilichonyanyuka kikamrusha Najat mbele, bawaba zikang'oka, na pampu ikatoka sandukuni ikamfuata. Alitua katikati yetu, kichwa kwenye chuma cha gia, na pampu ikampiga shingoni.

Alikuwa anapumua. Akaniangalia, akauliza, "Mama, umeumia?"

Nikamwambia sijaumia. Hakuongea tena. Tulifika hospitali, lakini adhuhuri ilikuwa haijaadhiniwa walipotuita ndani kutuambia.

Kaka yake Najat, Khalfani, alikuja baada ya mazishi akaliangalia lile gari. Hakugomba. Aliokota skrubu chini ya zulia, fupi kama ukucha, akaiweka kiganjani mwa mwanangu.

"Shemeji, hizi ni za kabati."

"Najua," Twalib akasema.

Tangu siku ile mwanangu hajashika usukani. Kazi za Mikocheni wamepewa wengine. Chakula nampelekea, narudi kukuta sahani kama nilivyoiacha.

Juzi kijana wa jirani, Brightson, kanunua pikapu. Alikuja na futi yake, kwa adabu, shikamoo mama, akaomba apime lile sanduku aige, maana alilipenda tangu zamani. Twalib aliinuka akaingia ndani, akafunga mlango. Nikabaki na yule kijana nikamwambia haya, naye akatikisa kichwa, akasema yeye atatumia skrubu ndefu. Ndiyo maana nimeona niyaandike:

Usitoe boliti za kiti cha gari kwa ajili ya sanduku. Kama lazima zitoke, sanduku liwe dogo, na kiti kirudi kwenye boliti zake palepale pa zamani.

Usishike kiti kwa bawaba za kabati. Skrubu ya mbao, hata iwe ndefu, usiitegemee kumshika mtu.

Usifukie mikanda ya nyuma, hata kama hakuna anayeifunga.

Usiweke chuma kizito chini ya mtu bila kukifunga.

Petroli na gesi usiweke pia.

Usimwache mkweo akae pasipo na mkanda kwa sababu ya heshima.

Usiondoe gari kabla hujakivuta kiti cha nyuma kwa mikono miwili, kwa nguvu zako zote. Kikinyanyuka, usipandishe mtu.